Haki ya Mtu Mmoja Kikaoni

Filamu zinazosimulia kesho iliyoharibika zina fundisho ambalo wengi wetu tulilimeza tukiwa vijana kwenye vibanda vya video: binadamu ni mnyama, na kinachomzuia asimrarue mwenzake ni askari na sheria tu. Serikali ikianguka, miji inageuka magofu, maji yanalindwa kwa bunduki, na mwenye nguvu anamla mnyonge. Fundisho la pili linafuata hapo hapo. Watu wa namna hiyo hawawezi kujitawala. Wanahitaji mtawala mkali, au steringi mmoja mwenye kifua kipana aje kuwakomboa.

Nimezitazama filamu hizo tangu ujana wangu Nzega, na hadi leo nazitazama na wanangu. Lakini kabla sijaona hata moja, nilikuwa nimeishi mahali ambapo serikali ilikuwa mbali kweli kweli, nikaona watu wanafanya nini inapokuwa hivyo. Waliyoyafanya yalikuwa mazuri kuliko filamu zinavyodai, na baadhi yake yalikuwa mabaya kwa namna ambayo filamu nyingi hazikuigusa.

Nzega ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Singida na Igunga inafika pale, kisha mkono mmoja unakwenda Kahama hadi mipaka ya Rwanda na Burundi, mwingine unashuka Tabora. Nchi hii imezoea wapitaji tangu misafara ya karne ya 19, Wanyamwezi walipobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na miembe iliyoota kando ya njia zile bado inatoa kivuli. Miaka ya 1990 wapitaji walikuwa madereva wa malori. Jioni waliegesha, wakala ugali kwa mama ntilie, kisha wakaja kubanana nasi kwenye kibanda: televisheni moja, deki, mabenchi ya mbao, na gunia dirishani kuzuia wachunguliaji. Baadaye zililetwa kanda zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na mtafsiri wa filamu Lufufu, na kila mtu akaelewa kila neno.

Filamu iliyojaza kibanda kile ni The Running Man ya mwaka 1987. Inasimulia Marekani ya mwaka 2017 kama ilivyofikiriwa wakati ule: uchumi umeanguka, dola ya kipolisi inatawala, na burudani kubwa ya taifa ni mchezo wa televisheni ambamo wafungwa wanawindwa hadi kufa mbele ya kamera. Arnold Schwarzenegger ni Ben Richards, rubani wa helikopta ya polisi aliyekataa kuwafyatulia risasi raia wenye njaa. Wakubwa wanakata na kuunganisha picha za video mpaka yeye ndiye anayeonekana muuaji. Hakuna anayemuuliza chochote. Anasukumwa uwanjani, na watazamaji waliojaa studio wanapiga vigelegele na kuchagua nani aende kumuua. Ben anapoanza kuwashinda wawindaji, bibi mmoja aliyekuwa akishangilia kifo chake anageuka na kumshangilia yeye. Ukumbi mzima unageuka naye.

Dereva mmoja wa makamo alisema kwa sauti, "Jamani, hawa si ndio juzi walitaka afe?" Vijana wakamnyamazisha, wanataka kuona ngumi. Mimi maneno yale yalinikaa, kwa sababu watu wa aina ile nilikuwa nawajua kwa majina na nilikuwa nawaamkia kila asubuhi.

Katikati ya miaka ya 1980 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Nzega. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeiacha nchi haina pesa, na bunduki zimezagaa mikononi mwa watu wasio askari. Wezi wa ng'ombe walikuja usiku wakiwa na silaha za vita, wakaondoka na zizi zima, na aliyejitokeza nje aliuawa. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, gari halina mafuta. Mwizi aliyekamatwa na kupelekwa huko alirudi kijijini kabla ya mlalamikaji. Ukitaka mwanzo mzuri wa filamu ya kesho iliyoharibika, ndio huo.

Kwa mujibu wa filamu, hapo ndipo kila mtu angechukua panga lake na kumvamia jirani. Wazee wetu waliitisha kikao. Sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, ilikuwa imeanza mwanzoni mwa muongo ule pande za Kahama na Shinyanga, ikatufikia upesi. Kila kijiji kilichagua uongozi wake: mtemi, katibu, kamanda wa vijana. Jina la mtemi lilirudi ingawa utemi wenyewe ulifutwa na serikali mwaka 1963, na mara hii lilipewa mtu aliyechaguliwa, awe mtoto wa ikulu ya zamani au asiwe. Silaha zilikuwa upinde na mishale, na filimbi. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa kijiji kimoja, cha pili kiliupokea na kuupitisha mbele, na mwizi aliyekimbia usiku kucha alikuta njia zote zimezibwa na watu. Baba yangu alikuwa miongoni mwao. Hakulipwa hata senti, na hakukosa zamu.

Ng'ombe walirudi kulala salama. Chama tawala kiliwaunga mkono, polisi na mahakama wakawa na mashaka nao, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili wawe na nafasi kisheria. Nimesoma na kusikia mengi kuhusu wanadamu wanavyoharibika dola inapoyumba. Wakulima wale, wengi wao hawajui kusoma, walijijengea ulinzi, baraza na kodi ndogo ya hiari kwa muda wa misimu michache. Hilo nalisema bila kusita kwa yeyote anayeamini kwamba Mwafrika wa kijijini hana demokrasia mpaka aletewe.

Lakini kuna vikao viwili vya kijiji chetu ambavyo navikumbuka pamoja, na siwezi kukieleza kimoja bila kingine.

Kikao cha kwanza kilihusu kijana mmoja aliyedaiwa kuwaonyesha wezi zizi la jirani yake. Wanaume walikaa chini ya mwembe, pinde magotini. Wanawake walikuwa pembeni, nasi watoto nyuma yao. Kila aliyesimama alisema kijana yule hana kazi, ana baiskeli mpya, anajulikana. Sauti za kutaka apigwe zilikuwa zimeanza. Hapo akasimama mzee aliyewahi kuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, akaegemea fimbo yake, akauliza, "Nani aliona?"

Kimya.

"Nauliza tena, ndugu zangu. Aliyeona kwa macho yake asimame aseme. Wa kusikia akae."

Hakusimama mtu. Mzee akamgeukia kijana: "Haya mjukuu wangu, usiku ule ulilala wapi?"

"Shikamoo babu. Nilikuwa Ndala, hospitalini. Mtoto alikuwa amelazwa."

Watu wawili wakatumwa Ndala kwa baiskeli. Kesho yake walirudi wakasema jina la mtoto limeandikwa kwenye daftari la wodi, na muuguzi anamkumbuka baba yake aliyelala sakafuni usiku huo. Mtemi akatangaza kwamba shauri limekwisha. Waliokuwa wanataka kijana apigwe walimfuata kumpa mkono, na nadhani walifanya hivyo kwa moyo mweupe.

Kikao cha pili kilikuwa miaka michache baadaye, chini ya mwembe ule ule. Surua ilikuwa imepita na kuchukua watoto kadhaa. Mzee wa KAR alikuwa ameshazikwa. Aliyeitwa mbele safari hii, kwa tuhuma za uchawi, alikuwa bibi mjane wa kaya ya tatu kutoka kwetu, macho yake mekundu kwa moshi wa jikoni wa maisha mazima. Mtu mmoja akasema macho yale yanajulikana ni ya nini. Wa pili akasema alipita kwenye nyumba ya marehemu. Bibi alipotaka kufungua mdomo aliambiwa anyamaze. Mikono ikanyooshwa juu, na hakuna aliyehesabu, kwa sababu hakukuwa na wa kupinga. Hukumu ilikuwa kutengwa: asisalimiwe, asipewe moto, asiuziwe chumvi, unga wake usisagwe, na atakayevunja amri naye atatozwa faini.

Usiku mama alifunga chumvi kwenye kipande cha kanga, akaniambia nipite nyuma ya mihogo. "Mwambie namwamkia. Usikae." Bibi alipokea kwa mikono miwili, akaniombea. Baada ya muda alipanda lori kwenda Tabora kwa binti yake, na mvua za mwaka uliofuata ziliiangusha nyumba yake.

Alikuwa na bahati. Kati ya mwaka 1970 na 1984, watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, sehemu kubwa yao Usukumani, na wengi walikuwa wanawake wazee. Waliowaua walikuwa wakulima na wafugaji wa kawaida, wenye watoto na wenye imani. Huko kijijini kwetu, waliomtenga bibi ni wale wale waliolala porini usiku kulinda ng'ombe wa wenzao, akiwemo baba yangu.

Nimetafakari vikao hivyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Watu ni wale wale, mti ni ule ule, uongozi umechaguliwa kwa njia ile ile. Kwa hiyo jibu haliko katika kuuliza kama binadamu ni mwema au mwovu kwa asili yake, ambalo ndilo swali filamu nyingi hulipigia kelele. Tofauti ilikuwa kwamba siku moja mtu aliuliza ushahidi na mtuhumiwa akasikilizwa, na siku nyingine hakuuliza mtu. Demokrasia yote ya siku ya kwanza ilikuwa katika swali lile. Siku ya pili tulikuwa na kikao, tulikuwa na wengi na kura, na kilichotoka ni dhuluma.

Filamu nyingi za aina hii humweka mwovu ikulu. Zinatufariji, maana sisi watazamaji tunajihesabu upande wa wanaodhulumiwa. Chache zina ujasiri zaidi, na mojawapo ni The Hunger Games. Simulizi yake maarufu ni ya watoto 24 kutoka wilaya 12 wanaolazimishwa kuuana kwa burudani ya mji mkuu. Lakini sehemu inayonishtua ni ya mwisho kabisa, katika filamu ya mwaka 2015. Mapinduzi yameshinda, Rais Snow amekamatwa, na kiongozi wa waasi, Coin, anawaita manusura saba wa michezo ile mezani na kuwaomba wapige kura: je, tuandae mchezo mmoja wa mwisho, safari hii kwa watoto wa waliotutesa? Watu waliopitia jehanamu ile wenyewe wanapiga kura. Wanne wanasema ndiyo, watatu hapana. Utaratibu umefuatwa, wengi wameshinda, na watoto wasio na hatia wamehukumiwa. Nilipoitazama nilimwona bibi yetu amesimama mbele ya mikono iliyonyooshwa.

Filamu nyingine iliyonigusa imetoka jirani, Kenya. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, ina dakika kama ishirini tu. Vita vya maji vimeiua dunia, na watu wachache wanaishi chini ya paa moja, jasho na mkojo wao unasafishwa na kunywewa tena, na ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye uhai na kuomba ruhusa ya kwenda nje kupanda mbegu. Baraza linamkatalia. Mtu wa Nzega haoni filamu hiyo kama ndoto ya mbali: tumekua tukifukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, miaka mingi kabla maji ya Ziwa Victoria hayajavutwa kwa mabomba hadi kwetu. Naelewa kabisa kwa nini baraza lile linaogopa. Linalinda maji. Sungusungu ililinda ng'ombe, na kijiji kilichomtenga bibi kiliamini kinalinda watoto. Lengo jema ndilo linalowafanya watu wazuri waone kumsikiliza mtu mmoja ni kupoteza muda.

Kuna wanaosema dawa ya yote hayo ni mtawala mkali. Sisi wa Unyamwezi tumewahi kuwa naye. Mirambo alianza na himaya ndogo, akakusanya wapiganaji wake, rugaruga, na mwaka 1871 akaingia vitani na Waarabu wa Tabora na kuiziba njia ya misafara. Alikuwa na akili na ujasiri, na Wazungu waliopita walimwogopa na kumheshimu. Alikufa mwaka 1884, na dola yake haikudumu baada yake, kwa kuwa ilikuwa imesimama juu ya mtu mmoja. Wajerumani walipofika kutaka nchi hawakukuta umoja wa kuwazuia.

Mkoa wetu una fundisho jingine ambalo nalithamini zaidi. Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu Tabora mjini. Wakoloni walikuwa wameweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, tena kwa masharti ya elimu na kipato yaliyowaacha wananchi wengi nje. Wajumbe wengi walifika wakitaka kususia. Nyerere, aliyewahi kusoma na kufundisha mji huo huo, aliona kususia kungewaachia wengine Baraza la Kutunga Sheria, akawashawishi kwa hoja mpaka mkutano ukakubali kushiriki. Uamuzi huo unaitwa wa Busara, na TANU ilishinda. Zuberi Mtemvu hakukubaliana nao. Alitoka, akaanzisha chama chake, na mwaka 1962 akasimama dhidi ya Nyerere kugombea urais. Alipata kura chache mno, lakini alisimama, na jina lake likawekwa kwenye karatasi ya kura.

Mwaka 1965 katiba ilibakiza chama kimoja, na mlango ule ukafungwa. Ulipofunguliwa tena, ulifunguliwa kwa namna inayostahili kufundishwa kila shule. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilizunguka nchi nzima, na takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, ikitambua kwamba wale wachache nao ni raia. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Nyerere mwenyewe alikuwa ameshaanza kusema hadharani kwamba mjadala huo si dhambi. Kwangu mimi huo ni mwembe wa siku ya kwanza, kwa kipimo cha taifa.

Leo vikao vyetu vimehamia kwenye simu. Video ya sekunde chache inatumwa, mtu anaitwa mwizi au msaliti, na kabla jua halijazama habari inasema ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimetaja mamia ya waliouawa hivyo kwa mwaka mmoja. Picha za Ben Richards zilizokatwa na kuunganishwa zilikuwa ubunifu mwaka 1987. Sasa kijana mwenye simu anaweza kutengeneza zaidi ya hizo. Na upande wa dola, tuliona Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ikikatwa, Dar es Salaam ikiwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakipoteza maisha. Umati unaomnyamazisha mtu mmoja na dola inayonyamazisha nchi nzima wana kosa moja: wote wanahukumu bila kusikiliza.

Naziheshimu filamu hizi kwa sababu zinatulazimisha kutazama tunakoweza kufika. Zinakosea zinapotuambia kwamba tumezaliwa hivyo na hatuna la kufanya. La kufanya lipo, tena ni dogo kiasi kwamba mtu yeyote analiweza. Sheria yetu inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutanishe watu wazima wote, na uitishwe angalau kila miezi mitatu. Msomaji wangu, nenda. Nenda kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa wako, wa chama, wa ushirika, wa shule wanakosoma wanao, na hata kwenye kundi la simu la ukoo. Siku jina la mtu litakapowekwa mbele na wote wakawa upande mmoja, simama uulize nani aliona, kisha udai mtuhumiwa apewe nafasi ya kusema. Fanya hivyo hata kama humpendi mtu huyo, na hata kama sauti itakayotetemeka siku hiyo ni yako peke yako.